Ulimi Mbele ya Mahakama: Utangulizi wa Sheria ya Matamshi ya Chuki

Anayesoma sheria ya uhuru wa kujieleza hana mji muhimu kuliko Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Novemba 1994, ilikaa hapo hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, na iliwatia watu hatiani kwa maneno waliyoyasema mkutanoni, redioni na gazetini. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko mji huohuo, nayo imeziambia serikali kwamba zilikosea kuwafunga watu kwa sababu ya maneno. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki pia iko hapo, na imeamua kwamba sheria za habari za Burundi na za Tanzania zina vifungu vinavyovunja Mkataba wa Jumuiya. Mji mmoja umetoa hukumu za kufunga midomo na hukumu za kuifungua.

Mgeni wa somo hili huona hapo mgongano. Mimi naona hakuna, na nimeandika utangulizi huu ili msomaji aone kwa nini. Sheria haipimi neno likiwa peke yake. Inauliza lilitamkwa na nani, mbele ya nani, wakati gani, kwa chombo gani, na waliolisikia walikuwa tayari kufanya nini. Neno la utani wa kijiweni mwezi Januari linaweza kuwa amri ya kuua mwezi Aprili, herufi zake zikiwa zilezile. Kwa hiyo ninamkaribisha msomaji kupitia kesi. Fasili za vitabuni ni nyingi, na kila taasisi ina yake, lakini hakuna hata moja inayotosha kumhukumu mtu.

Tuanze na uhuru, kwa kuwa sheria yenyewe inaanzia hapo. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania, Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 9 ya Mkataba wa Afrika wa 1981 na Ibara ya 19 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 zote zinamtambua mtu kuwa na haki ya kujieleza na kupata habari. Anayetaka kuweka mpaka ndiye anayebeba mzigo wa kueleza. Aonyeshe kwamba mpaka huo umeandikwa katika sheria inayoeleweka, kwamba unalinda jambo halali kama usalama au haki za wengine, na kwamba ni wa lazima na haukuzidi kiasi. Asipoweza kuonyesha hata moja kati ya hayo, mpaka unaanguka. Majaji wa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya walisema mwaka 1976, katika kesi ya Handyside dhidi ya Uingereza, kwamba uhuru huu unayalinda hata mawazo yanayoudhi na kushtua. Msimamo huo sasa umeenea duniani. Kumkera mtu, kumkera kiongozi, hata kulikera taifa zima, bado si kosa.

Wanafunzi wengi huuliza kwa nini sheria iwe ngumu kiasi hicho kwa serikali inayotaka tu watu wawe na adabu. Jibu liko katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilimpeleka mahakamani Julius Nyerere kwa kashfa ya jinai, kwa sababu ya makala katika jarida la Sauti ya TANU iliyowashutumu maofisa wawili wa wilaya. Akatiwa hatiani na kutakiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela. Akalipa, akaendelea na kazi. Aliyekuwa anadai haki ya watu wake ndiye aliyeitwa mvunja amani. Sheria za aina hiyo, za kashfa ya jinai na za uchochezi dhidi ya serikali, ziliandikwa na Waingereza kwa ajili ya kutawala watu wasiowachagua, na hazikuondoka na bendera yao. Kenya ilisubiri hadi 1997 kulifuta kosa la uchochezi dhidi ya serikali. Uganda ilisubiri hadi 2010, Mahakama ya Katiba ilipolibatilisha. Kila anayesoma sheria ya matamshi ya chuki katika ukanda huu lazima aijue nasaba hii, maana silaha ya kumzuia mchochezi wa mauaji na silaha ya kumnyamazisha mkosoaji wa serikali zinafanana sana zikiwa mkononi mwa askari.

Ukigeuza ukurasa wa Mkataba ule wa 1966 kutoka Ibara ya 19 kwenda ya 20, unakutana na jambo ambalo halina mfano katika mikataba mingi ya haki za binadamu. Ibara ya 20 haisemi kwamba nchi inaweza kuzuia. Inasema lazima izuie, kwa sheria, utetezi wa chuki ya kitaifa, ya rangi au ya dini unaochochea ubaguzi, uhasama au ukatili. Ibara moja inaamuru mlango ufunguliwe, inayofuata inaamuru sehemu yake ifungwe. Waandishi wake hawakujisahau. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimewaonyesha Julius Streicher, mhariri wa gazeti la Der Stürmer, ambaye kwa miaka zaidi ya 20 aliwafundisha Wajerumani kuwaona Wayahudi kama ugonjwa. Mahakama ya Nuremberg ilimhukumu kunyongwa mwaka 1946, ingawa hakuwa mtawala wa kambi wala mtoa amri za kijeshi. Mahakama hiyohiyo ilimwachia Hans Fritzsche, mtangazaji maarufu wa redio ya Wanazi, kwa kuwa haikuridhika kwamba matangazo yake yalilenga kuwachochea Wajerumani wafanye unyama. Wote wawili walikuwa watu wa propaganda, mmoja akanyongwa na mwingine akaenda nyumbani. Tofauti kati ya hao wawili ndiyo iliyozaa somo hili. Mwaka 1948 Mkataba wa Kuzuia Mauaji ya Kimbari ukaliandika kosa jipya: uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani wa kufanya mauaji ya kimbari. Kosa hilo linakamilika mtu anapochochea, hata kama hakuna aliyeuawa.

Kosa hilo lilikaa kwenye karatasi miaka 50. Lilipoamka, liliamkia Taba.

Taba ilikuwa wilaya ndogo katikati ya Rwanda, na meya wake alikuwa Jean-Paul Akayesu, mwalimu wa zamani aliyeheshimiwa na watu. Alfajiri ya tarehe 19 Aprili 1994, watu zaidi ya 100 walikusanyika mahali panapoitwa Gishyeshye, wamezunguka maiti ya kijana mmoja wa Interahamwe, kundi la wanamgambo wa Kihutu. Akayesu alifika, akasimama mbele yao, akawaambia waungane kummaliza adui wao mmoja, yaani washirika wa Inkotanyi, jina la waasi waliopigana na serikali. Hakutamka neno Watutsi. Upande wa utetezi ungeweza kusimama hapo na kusema kwamba mshtakiwa alizungumzia wapiganaji wa msituni, adui halali wa serikali iliyokuwa vitani. Majaji hawakuishia kwenye maneno. Walimsikiliza mtaalamu wa lugha ya Kinyarwanda, wakawasikiliza watu waliokuwa pale, wakaangalia kilichotokea baadaye, na wakaridhika kwamba kila aliyesimama Gishyeshye asubuhi ile alielewa anaambiwa awaue majirani zake Watutsi, na kwamba msemaji alijua wataelewa hivyo. Mauaji yakaenea Taba. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari, na uchochezi ulikuwa mojawapo ya makosa yake.

Ningependa msomaji akae na hukumu hiyo kwa muda. Majaji walisema kwamba ili kujua kama uchochezi ulikuwa wa moja kwa moja, inabidi kuusikiliza kwa masikio ya utamaduni na lugha ya waliokuwepo. Kwa nchi zenye lugha nyingi kama zetu, zenye mafumbo, vijembe na misemo ya kupitisha ujumbe bila kuutamka, huu ni msingi mkubwa. Anayesema kwa mafumbo hajifichi tena nyuma ya fumbo lake. Lakini msingi huohuo unamlinda mtu pia. Upande wa mashtaka hauwezi kuokota neno zito, kulitafsiri kwa Kiingereza na kudai hatia. Lazima ulete watu waliosikia, walioishi ndani ya lugha ile, waeleze walielewa nini.

Kisha ikaja kesi ya vyombo vya habari. Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Ilipendwa: ilipiga muziki mzuri, watangazaji wake walizungumza kama vijana wa mtaani, na wasikilizaji walipiga simu. Baada ya ndege ya Rais Juvénal Habyarimana kutunguliwa tarehe 6 Aprili 1994, sauti hizohizo zilianza kutaja majina ya watu, namba za magari na mahali walipojificha watu. Gazeti la Kangura, lililoanzishwa 1990, lilikuwa limetangulia kuchapisha mwezi Desemba mwaka huo zile zilizoitwa amri kumi za Wahutu. Waliosimama kizimbani ni Ferdinand Nahimana, mwanahistoria na mwalimu wa chuo kikuu, Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria, wote wawili waanzilishi wa RTLM, na Hassan Ngeze, mhariri wa Kangura. Kesi ilianza Oktoba 2000 na hukumu ikatoka Desemba 2003, jopo likiongozwa na Jaji Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Wote watatu walitiwa hatiani.

Hukumu ya 2003 ndiyo inayotajwa magazetini kila mwezi Aprili. Inayofaa kusomwa kwa kalamu mkononi ni ile ya rufaa, ya tarehe 28 Novemba 2007. Humo majaji walichora mstari ambao wengi hawaupendi. Walisema matangazo ya RTLM kabla ya tarehe 6 Aprili 1994 yalichochea chuki ya kikabila, lakini haikuthibitika kwamba yalikuwa wito wa moja kwa moja wa kuua. Baada ya tarehe hiyo, yalikuwa. Matoleo ya Kangura ya kabla ya 1994 hayakuweza kumtia mtu hatiani, kwa kuwa mamlaka ya mahakama yaliishia ndani ya mwaka 1994. Hatia kadhaa zikafutwa na adhabu zikapunguzwa: Nahimana kutoka kifungo cha maisha hadi miaka 30, Ngeze kutoka maisha hadi 35, Barayagwiza kutoka 35 hadi 32.

Nimewahi kusikia mtu akisema kwa uchungu kwamba rufaa ile iliwasaliti waliokufa. Ninauheshimu uchungu huo, na bado nadhani majaji walifanya sawa. Kama mahakama ingesema kwamba chuki na uchochezi wa kuua ni kitu kimoja, basi kila serikali inayokerwa na redio ingekuwa na jina la Rwanda mdomoni, na nchi zetu zina mifano ya serikali zilizofanya hivyo. Chuki inayomvunjia mtu utu wake ni jambo baya ambalo sheria ya nchi inaweza kulishughulikia kwa njia zake, nyingine zisizo za jinai. Uchochezi wa kuua ni kosa la kiwango kingine kabisa, na ukubwa wake unalindwa na mahakama zinazokataa kulitanua. Majaji wenyewe hawakukubaliana kwa kila kitu. Jaji Theodor Meron aliandika maoni tofauti akionya dhidi ya kuyaingiza matamshi ya chuki ndani ya kosa la mateso kama uhalifu dhidi ya ubinadamu, na mjadala huo haujafungwa hadi leo.

Mwanamuziki Simon Bikindi anatusaidia kuuona mstari huo kwa karibu. Nyimbo zake zilipigwa sana wakati wa mauaji, na mahakama ilikubali kwamba baadhi zilitungwa kwa makusudi ya kueneza chuki. Hata hivyo hakutiwa hatiani kwa nyimbo. Alitiwa hatiani mwaka 2008 kwa alichokisema mwishoni mwa Juni 1994 kwenye barabara ya Kivumu kwenda Kayove, akiwa ndani ya msafara wenye kipaza sauti, akiwahimiza Wahutu waliokuwa njiani wawamalize Watutsi. Akapewa miaka 15.

Kutokana na kesi kama hizi na uzoefu wa nchi nyingi, wataalamu waliokutanishwa na Umoja wa Mataifa mjini Rabat mwaka 2012 walitoa mwongozo ambao sasa unatumika sana, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya imeutaja. Mwongozo huo unamtaka jaji aitazame hali ya nchi kwa wakati ule, cheo na ushawishi wa msemaji, nia yake, maudhui na namna alivyosema, ujumbe ulifika mbali kiasi gani, na uwezekano wa madhara kutokea na ukaribu wake. Ukitazama vizuri utaona ni maswali yaleyale ya Gishyeshye, yamepangwa tu. Kwa maoni yangu linalosahaulika zaidi ni cheo cha msemaji. Mahakama zetu huletewa kijana aliyeandika upuuzi kwa simu akiwa na wafuasi wachache, huku mbunge aliyesema jambo zito zaidi mbele ya umati akisubiri uchunguzi ukamilike.

Hapo ndipo Kenya inapoingia, na ina mengi ya kutufundisha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakayakimbia makazi yao. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Kifungu chake cha 13 kinamgusa anayetumia maneno ya vitisho, matusi au dharau akikusudia kuchochea chuki ya kikabila, au katika mazingira ambayo chuki hiyo ina uwezekano wa kuchochewa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Miaka miwili baadaye Katiba mpya ikasema waziwazi, katika Ibara ya 33(2), kwamba uhuru wa kujieleza hauhusu propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Mtangazaji wa redio, Joshua arap Sang, akashtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, pamoja na mwanasiasa William Ruto, kwa machafuko hayo ya baada ya uchaguzi. Kesi yao ilisitishwa Aprili 2016 kabla hawajajitetea, majaji wawili kati ya watatu wakiona ushahidi ulikuwa umedhoofika mno.

Kesi za ndani nazo zimekuwa za shida, na sababu yake kubwa haimo katika maandishi ya sheria. Imo katika ushahidi. Rekodi ya mkutano wa hadhara inapofika mahakamani, mwendesha mashtaka lazima aonyeshe nani aliirekodi, kwa kifaa gani, na kwamba haikukatwakatwa. Alete cheti kinachotakiwa na Sheria ya Ushahidi. Kisha alete anayejua lugha iliyosemwa, aeleze maana, na hapo upande wa utetezi unaleta wa kwake. Lichukue neno madoadoa. Kwa anayefua nguo ni alama za uchafu zinazotakiwa kusuguliwa. Katika Bonde la Ufa, tangu machafuko ya miaka ya 1990, neno hilo limetumiwa kwa watu wa makabila mengine wanaoishi humo, na kuondoa madoadoa kukawa na maana ambayo kila aliyefukuzwa shambani kwake anaijua. Januari 2022 mwanasiasa mmoja alilitamka kwenye mkutano wa kampeni mjini Eldoret. Akakamatwa, na watetezi wake wakasema alizungumzia kura, kwamba wapiga kura wachague chama kimoja kuanzia juu hadi chini. Mahali palepale, miaka 14 baada ya nyumba na kanisa kuteketezwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, na mwaka wa uchaguzi! Mtu anaweza kuwa kweli alikusudia kura. Swali la sheria ni kama, kwa mazingira yale, chuki ilikuwa na uwezekano wa kuchochewa, na hilo hujibiwa na historia ya mji pamoja na nia ya msemaji.

Mwaka huohuo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa katika kampeni. Madoadoa lilikuwemo. Lilikuwemo pia sipangwingwi, neno lililotoka kwenye wimbo wa vijana na kuingia kwenye kaulimbiu ya chama. Ninaelewa kwa nini tume inapenda orodha: polisi wanahitaji kitu cha kushika, na muda wa kampeni ni mfupi. Lakini orodha inakwenda kinyume na yote niliyoyaeleza hapo juu. Inalihukumu neno kabla halijasemwa, inamwachia mchochezi nafasi ya kubuni neno jipya wiki inayofuata, na inamtia hofu mtu anayelitumia neno lilelile kupinga chuki. Mwandishi atasimuliaje habari za 1992 bila kuandika madoadoa?

Nchini Tanzania mjadala umekuwa zaidi wa dini kuliko wa kabila. Kanuni ya Adhabu ina kosa la kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini. Mwaka 2000, mhubiri mmoja wa Kiislamu alishtakiwa mjini Morogoro kwa kusema katika mhadhara wa hadhara kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Mahakama ya wilaya ikampa kifungo cha miezi 18. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Rufani, ambayo ilifuta hatia. Majaji waliangalia nia. Mtu aliyekuwa akifafanua imani yake katika mkutano wa dini, kwa jambo ambalo dini yake inalifundisha tangu mwanzo, hajathibitishwa kuwa alikusudia kuumiza mtu, hata kama waliosikia waliumia kweli. Sina kesi ninayopenda kuifundisha kama hii. Wanafunzi Wakristo huanza kwa kukunja uso, wanafunzi Waislamu kwa kufurahi. Kisha ninawaomba wageuze: mhubiri wa Kikristo asimame pale Morogoro aseme anachokiamini kuhusu dini ya jirani yake, kwa lugha ya staha, na jirani aumie. Wote wanatambua kwamba kanuni ni ileile, na kwamba hakuna upande unaoweza kuidai kuwa mali yake.

Sasa turudi kwa Rwanda, lakini kutoka upande wa pili. Januari 2010 Victoire Ingabire Umuhoza, kiongozi wa upinzani, alirudi nchini kutoka Uholanzi, akaenda kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Kigali, na akazungumza juu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi na pia juu ya Wahutu waliouawa. Alishtakiwa kwa mambo kadhaa, likiwemo la kupunguza uzito wa mauaji ya kimbari. Mahakama Kuu ikampa miaka 8, Mahakama ya Juu ikaifanya 15. Mwezi Novemba 2017 Mahakama ya Afrika ilitoa uamuzi wake. Ilikubali, kwa heshima kubwa, kwamba nchi iliyopitia yale ina haki ya kuwa na sheria dhidi ya kukana na kupunguza mauaji ya kimbari. Kisha ikayasoma maneno yenyewe, ikaona hayakukana wala hayakupunguza, na kwamba mengine yalikuwa ukosoaji wa serikali, ambao kiongozi wa kisiasa ana haki ya kuutoa na serikali ina wajibu wa kuuvumilia. Haki yake ya kujieleza ilikuwa imevunjwa. Kufikia siku ya hukumu Rwanda ilikuwa imeshaondoa tamko lake la kuwaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Tanzania, mwenyeji wa mahakama, ilifanya vivyo hivyo Novemba 2019. Ninasikitika kuandika sentensi hizo mbili, kwa kuwa zinamfungia mlango raia wa kawaida ambaye mahakama za nyumbani zimemshinda.

Linaloonekana katika kesi ya Ingabire ni tatizo la sheria zilizoandikwa kwa upana. Uganda ililikabili mapema. Mwaka 1997 gazeti la Sunday Monitor liliandika, likinukuu ripoti, kwamba Rais Laurent Kabila wa Kongo aliilipa Uganda kwa dhahabu. Waandishi wa habari Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda wakashtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ilikibatilisha kifungu hicho. Jaji Joseph Mulenga alieleza kwamba hata usemi usio wa kweli una ulinzi wa katiba, na kwamba hatari inayotajwa kuhalalisha kuuzuia lazima iwe ya kweli, si ya kufikirika. Kenya nayo iliona Mahakama Kuu ikikifuta mwaka 2016 kifungu cha matumizi mabaya ya vyombo vya mawasiliano, na mwaka 2017 kosa la kashfa ya jinai. Katika hukumu hizo kuna hoja inayojirudia: raia ajue kabla ya kufungua mdomo kama anavunja sheria. Sheria inayokataza ujumbe wa kuudhi haimwambii kitu, kwa kuwa anayeudhika ndiye anayeamua.

Nimeziacha Marekani na Ujerumani hadi sasa kwa makusudi. Vitabu vingi huanza nazo, na mwanafunzi wa Mombasa au Dodoma akaishia kudhani kwamba kazi yake ni kuchagua mojawapo. Marekani, tangu kesi ya Brandenburg ya 1969, humwadhibu mchochezi pale tu anapokusudia vurugu za papo kwa papo na zikiwa karibu kutokea, na mshtakiwa aliyeshinda kesi hiyo alikuwa kiongozi wa Ku Klux Klan. Ujerumani, kwa historia yake, inaadhibu kuchochea chuki dhidi ya makundi, na tangu 1994 sheria yake inataja waziwazi kukana mauaji ya Wayahudi. Kila nchi ilijibu jeraha lake. Sisi tuna majeraha yetu, na tuna hukumu zetu za kuyajibu. Anayeanza somo hili asome kwanza Akayesu, halafu rufaa ya vyombo vya habari, halafu Ingabire, kwa mpangilio huo. Akimaliza atakuwa na msingi wa kuisoma Brandenburg bila kuzidiwa nayo.

Uwanja huu sasa umefika mahali ambapo kesi za redio hazitoshi. Desemba 2022 Waethiopia wawili pamoja na Katiba Institute walifungua shauri katika Mahakama Kuu ya Nairobi dhidi ya Meta, kampuni yenye Facebook. Baba wa mmoja wao, profesa wa chuo kikuu, aliuawa Novemba 2021 baada ya machapisho ya Facebook kumtaja, kuweka picha yake na kueleza anapopatikana. Aprili 2025 mahakama iliamua kwamba ina mamlaka ya kulisikiliza shauri hilo. RTLM ilikuwa na studio, watangazaji na waanzilishi wanaojulikana, na Nahimana alihukumiwa kwa kuwa alikuwa na uwezo wa kuwazuia watangazaji wake asiwazuie. Katika shauri la Nairobi aliyeandika ni mtu mmoja, aliyesambaza ni programu iliyopangwa kuwapa watu kile kitakachowashika macho, na walalamikaji wanadai kwamba waliotakiwa kuyaondoa machapisho hayo walikuwa wachache mno kwa lugha za Ethiopia. Majaji watalazimika kuamua kama uwezo wa kuzuia, ule uliomtia Nahimana hatiani, unaweza kukaa ndani ya mtambo, na kama kampuni iliyouwasha itajibu kwa kilichofuata.